Chaji ya Ungo Mmoja

Miyuji, Dodoma
9 Oktoba 2005

Dada Cecilia,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na Bibi ni mzima, na darasa lako la tatu halijakutoa roho. Sisi huku hatujambo. Mjomba Cornel anakohoa vumbi la mtaani kwake Kikuyu kama kila mwaka mwezi huu, lakini kazini anakwenda. Fredy wake amemaliza darasa la saba, anasubiri majibu, anashinda akisikiliza magari ya kampeni na kuyaiga.

Kompyuta nimempa dereva wa basi la Kondoa pamoja na barua hii. Nimeifunga kwenye blanketi langu la bluu. Blanketi nalitaka lirudi. Kuhusu kompyuta sina usemi, Mjomba alishaamua mbele ya watu kwamba hadithi za Bibi Tereza zirekodiwe zote, na kwamba kompyuta yangu ni ya ukoo kwa sababu elimu yangu ililipwa na ukoo. Watu wakapiga makofi. Na wewe ulipiga, nilikuona.

Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulipofungwa waliniachia ikiwa na Windows iliyojaa virusi. Nikaifuta nikaweka mfumo mwingine, Linux, kutoka kwenye CD niliyoagiza kwa posta. Nimeitunza kwa mikono hii miwili. Wewe utahitaji mambo matatu tu: kuiwasha, kubonyeza alama nyekundu ya kurekodi, na kuizima. Nimekuandikia kwenye karatasi iliyo ndani ya blanketi.

Ningekuja kurekodi mwenyewe. Niliomba likizo, ofisi ikasema Januari. Na unamjua Bibi: hadithi anasimulia wakati wa kumenya karanga za mbegu tu, ungo mmoja kwa hadithi moja, na aliyoisimulia hairudii mpaka mbegu za msimu mwingine. Januari mbegu zitakuwa ardhini. Kwa hiyo ni wewe.

Nina ombi moja. Hadithi ya msichana aliyeteremka kisimani kumfuata mbuzi wake, usiirekodi kabla ya kuniambia. Unakumbuka kwamba nilikuwa nasinzia kila mara akifika chini. Kila mwaka. Wewe ulikuwa unabaki macho, na asubuhi nikikuuliza kama alitoka ulikuwa unacheka. Hiyo ni yangu.

Msalimie Bibi. Mwambie kompyuta ni ya Edina.

Mdogo wako,
Edina


Kolo
23 Oktoba 2005

Mdogo wangu Edina,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa jua. Mto umebaki mchanga, watoto wanafukua maji kwa vibuyu kabla ya kuja shule, na wakifika wanalala juu ya madaftari. Bibi mzima. Anakula kidogo, anasema sana. Jirani yetu Evarista kapata mjukuu wa nne, wote wa kike, na amesema wa tano akiwa wa kike tena atampa mwanawe jembe aende akaishi shambani.

Kompyuta imefika. Blanketi pia, lakini Bibi amelichukua, kamwombe mwenyewe.

Sasa nikueleze aibu. Chaji naipata kwa Shaaban mwenye mashine ya kusaga. Ana jenereta, watu wanaleta simu zao hapo, mimi naleta sanduku lako nimelifunika kanga mbili lisiingie unga. Ananicheka: "Mwalimu, leo umeleta mahindi ya namna gani?" Jumamosi nikarudi nayo imejaa. Bibi akaweka ungo mapajani. Akaitazama kompyuta.

"Hiki kidude kinakula nini?"

"Kinakula chaji, Bibi."

"Na kinashiba?"

"Kinashiba kwa Shaaban."

"Basi kina akili. Kwa Shaaban mimi sijashiba hata siku moja."

Akaanza hadithi ya fisi na wakwe zake. Edina, ungo haukufika nusu, kioo kikawa cheusi. Bibi hakusimama, yeye hasimamishwi na kitu. Akaendelea mpaka karanga ya mwisho, na mimi nimekaa nimekumbatia kidude kilichokufa. Fisi ameingia kwenye rekodi na hajatoka. Nikamsihi arudie. Akaniangalia kama nimemwomba azae upya.

Ungo wa Bibi ni saa mbili na zaidi kidogo. Betri yako ni saa moja na robo. Wewe ndiye uliyesomeshwa haya mambo. Nifanye nini?

Dada yako ninayenuka pumba,
Cecilia


Miyuji
2 Novemba 2005

Dada Cecilia,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Evarista, na nimehuzunika kwa ajili ya fisi. Sisi wazima. Uchaguzi umesogezwa mbele, Mjomba anasema kampeni mwezi mzima zaidi ni adhabu kwa mwenye kifua kibovu.

Blanketi mwache nalo.

Nimefanya kazi yako wiki nzima. Niliazima kompyuta inayofanana na ile, nikaijaribu chumbani, kila siku chombo kimoja cha kubana chaji. Vinavyokula chaji ni vitatu: mwanga wa kioo, diski inayozunguka, na prosesa, ubongo wa kompyuta, inayokimbia hata pale isipokuwa na kazi.

Kioo ni rahisi. Kuna amri nimekuandikia inakizima kabisa wakati kurekodi kunaendelea. Bibi hahitaji kukiona, na wewe utakuwa unamtazama yeye.

Kwa prosesa kuna programu mbili za kuchagua. Moja inaitwa powernowd. Haina masharti. Inaangalia tu kama kuna kazi. Ikikuta hamna, inapunguza mwendo. Nyingine inaitwa cpufreqd, na hiyo unaiandikia sheria: betri ikibaki nusu fanya hivi, ikibaki robo fanya vile. Ni ya mtu anayependa kila kitu kifuate neno lake. Mimi ingenifaa. Kwako nimechagua ya kwanza. Nimeweka zote mbili kwenye flashi, ya pili ni ya akiba tu ikiwa ya kwanza itagoma. WEKA MOJA.

Ukikuta mtu anakushauri uweke programu ya apmd, mwambie hiyo ni ya mashine za zamani, ya kwetu haiisikilizi.

Cha tatu ndicho kikubwa. Kinaitwa laptop-mode. Kwa kawaida sauti ikiingia, kompyuta inaiandika kwenye diski papo hapo, kwa hiyo diski haipumziki. Laptop-mode inaishikilia sauti kwenye kumbukumbu na kuiacha diski ilale, halafu kila baada ya dakika kadhaa inaiamsha mara moja, inaandika yote, inailaza tena. Na diski ikilala haivumi. Maiki iko karibu nayo mno; utamsikia Bibi peke yake.

Fuata karatasi mstari kwa mstari. Ikikamilika, niletee hadithi ya kwanza kwenye flashi hiyo hiyo. Nimekaa hapa nasikiliza feni ya kompyuta ya watu, nikijaribu kukisia mko upande gani wa nyumba. Mnakaa kwenye kibaraza? Nani anakaa kushoto kwa Bibi? Mahali pale pa ukuta uliochubuka palikuwa pangu.

Edina


Kolo
16 Novemba 2005

Mdogo wangu,

Marahaba. Mawingu yamekuja mara mbili yakaondoka, kama wageni waliokosea nyumba. Chakula kipo lakini tunakipima. Bibi ametoa mkufu wake wa shanga kabatini akauvaa bila sababu, anasema ni sikukuu. Nimemwacha.

Niliweka zote mbili.

Usinitukane kabla hujamaliza kusoma. Nilidhani wakiwa walinzi wawili watabana zaidi ya mmoja, ndivyo tunavyofanya kwenye ghala la shule. Kumbe mmoja anapunguza, mwenzake anaongeza, mmoja anapunguza tena, na feni inapiga kelele. Bibi akaweka ungo chini. "Kidude chako kinapiga mluzi ndani ya nyumba. Kifunze adabu." Nikaondoa ile inayopenda sheria. Ikatulia.

Na hii laptop-mode ni kweli uliyosema. Jumapili ungo umekwisha na chaji imebaki kidogo. Nakuletea hadithi mbili: ya kobe aliyepewa ng'ombe, na ya mke wa mhunzi. Utasikia kwamba hazina ule mwanzo wa Bibi. Ninachelewa kubonyeza makusudi, nangoja akolee kwanza, ili kubana chaji. Hujakosa kitu, ni salamu tu.

Kushoto kwake ninakaa mimi. Pale ndipo ninapoufikia ungo kwa urahisi.

Cecilia


Miyuji
27 Novemba 2005

Dada Cecilia,

Shikamoo. Wote wazima. Mjomba amepata dawa mpya ya kifua na analala. Fredy ameanza kuvuta sauti nzito, tunamcheka.

Nimezisikiliza hadithi zako. Nilifunga mlango, nikavaa spika za masikioni, nikamsikiliza Bibi anavyomeza mate. Nikasikia ganda linavunjika, karanga inaanguka kwenye ungo, halafu nyingine, halafu kimya, na kwenye kimya hicho mnacheka. Mnacheka kitu ambacho hakikusemwa. Nimerudisha nyuma pale mara nyingi. Amekuonyesha nini kwa mkono? Amefanya uso gani? Kompyuta yangu imekaa hapo hapo na haikuona.

Kwenye ya mke wa mhunzi anakohoa, na wewe unasema, "Kunywa maji kwanza," na yeye anakutii. Mimi hakuwahi kunitii. Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa kunywa maji.

Sikuombi unisimulie. Nakwambia tu kwamba nimesikia.

Kuhusu mwanzo: huo mwanzo nautaka. Salamu za Bibi si kitu cha kubania chaji. Powernowd yako na diski iliyolala vinakupa muda wa kutosha, umeandika mwenyewe kwamba chaji ilibaki. Kwa nini uchelewe kubonyeza?

Ila unaniandikia kwamba chaji "imebaki kidogo", na ungo wa kisima ndio mrefu kuliko wote. Kwa hiyo kwenye flashi nimeweka faili jipya la mipangilio ya laptop-mode. Linakili juu ya lile la zamani, usihangaike na mistari yake. Diski italala zaidi. Utapata kama nusu saa ya ziada.

Mkifika kwenye kisima niandikie kwanza. Nimekuomba.

Edina


Kolo
17 Desemba 2005

Edina,

Tumepiga kura Jumatano, shule ndiyo ilikuwa kituo, madawati bado yako nje. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo mapema mwezi huu na watu wote wakakimbilia mashambani, sisi pamoja nao. Ndiyo maana sikuweza kukuandikia kwanza. Bibi aliona wingu asubuhi, akamimina ungo wa mwisho, akasema, "Za leo ndizo za kisima." Ningemwambia nini? Ngoja nipeleke barua Miyuji?

Nilikuwa nimetoka kwa Shaaban. Nilinakili faili lako. Nikabonyeza. Evarista alikuwepo, amekuja kuomba moto akakaa mpaka mwisho. Edina, hakuwahi kuisimulia vile. Alipofika msichana anaposhika kamba, Evarista akasahau jiko lake. Nikaamsha kioo kuangalia: betri asilimia kumi na nane. Nikasema inatosha, amebakiza vijikaranga. Akamaliza. Akakung'uta ungo. Na mimi nilipokuwa nanyoosha mkono kubonyeza, ikazimika. Haikuonya kwa mlio wala kwa taa.

Kwa Shaaban nilipoiwasha nikakuta rekodi inafika pale msichana anapoinama kwenye mdomo wa kisima. Basi. Nusu saa ya mwisho haipo popote.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu lakini Kiingereza nasoma, polepole, kwa kidole. Nimelifungua faili lako. Kuna mstari unaouliza uko tayari kupoteza kazi ya sekunde ngapi. Kwenye faili la zamani pameandikwa 600. Kwenye ulilonitumia pameandikwa 1800, yaani sauti ya nusu saa inakaa bila kuandikwa kwenye diski. Hiyo ndiyo nusu saa yako ya ziada.

Nikasema labda Edina hakujua kwamba betri inadanganya. Jumatatu nilikuwa Kondoa mjini kufuatilia mshahara, nikampigia Mjomba. Nikamuuliza kama ilishawahi kuzimika ghafla. Akasema, "Ee, si ilimzimikia Edina hapa Pasaka ikionyesha robo, akapoteza ripoti yake yote, akalia siku nzima?"

Siulizi swali. Nakuandikia tu nilichosoma.

Mbegu zimekwisha kupandwa.

Cecilia


Miyuji
26 Desemba 2005

Dada Cecilia,

Shikamoo. Heri ya Noeli. Tulikula kwa Mjomba. Kila mtu aliuliza habari za hadithi na nikasema zinaendelea vizuri.

Kuhusu ile namba: Uliomba muda, kila chombo cha kubana kina bei yake.

Umeusikia mwisho wa kisima, na Evarista aliyekuja kuomba moto ameusikia. Nauliza kwa kalamu, kama ninavyouliza tangu nina miaka sita: alitoka? Mistari mitatu inatosha.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki sitakimeza. Katika hadithi ya kobe umekata mwanzo, ila umekata vibaya. Umeacha mwisho wa salamu. Nimeusikiliza mpaka nimeogopa masikio yangu. Bibi anasema, "Umesikia, Edina?" Na sauti yako, dada, sauti yako kabisa, inajibu, "Nimesikia, Bibi."

Kumbe ndiyo salamu ulizokuwa unabania chaji. Una nyumba. Una kibaraza, una mahali pangu ukutani, una mkono wako kwenye ungo. Una miaka yote ile niliyokuwa bwenini nikiandika barua ambazo wewe ndiye uliyemsomea, kwa sauti yako. Na hivyo havikutosha, ukachukua na jina. Bibi ananiita mimi, na unaitika wewe. Halafu unachukua mkasi unalikata nisilisikie.

Nani alikupa ruhusa ya kuitikia jina langu?

Edina


Kolo
14 Januari 2006

Mdogo wangu Edina,

Barua yako ilifika kabla ya mwaka mpya. Niliisoma nikaiweka chini ya mtungi. Nikaitoa, nikaisoma, nikairudisha. Leo nimeamua kujibu kwa sababu kuna jambo la haraka.

Kwanza habari za nyumbani, nazo safari hii ndizo barua yenyewe.

Bibi aliacha kunijua Pasaka iliyopita. Si siku zote, wala si kwa kila kitu. Anajua shamba, anajua bei ya chumvi, anajua nani alimwibia mbuzi mwaka wa njaa. Mimi ndiye hanijui. Alianza kuniita Edina asubuhi moja nikimchana nywele. Nikasema, "Ni Cecilia, Bibi." Akaangalia huku na huku, akaogopa, akaniuliza huyo Cecilia amekwenda wapi na kwa nini hakuaga. Alilia mpaka mchana. Kesho yake akaniita tena Edina, nikaitika. Tangu hapo naitika.

Unataka mwanzo wa hadithi? Nimekuwekea wote kwenye flashi. Sikuufuta, niliukata nikauficha kwenye folda ya mitihani. Zote zinaanza hivyo hivyo. "Edina mwanangu, umerudi. Kaa hapa kushoto. Nilijua shule haitakumaliza." Kisha ananiuliza habari za Dodoma. Namjibu. Nimemweleza chumba chako cha Miyuji ambacho sijawahi kukiona. Nimemwambia una dirisha linaloangalia mlima. Unalo?

Sikumwambia Mjomba kwa sababu angempeleka Kikuyu akae kwenye kochi. Sikukwambia wewe kwa sababu nyingine. Wakati Mjomba alipokuja kuchukua mtoto mmoja wa kumsomesha, mimi nilikuwa nimefungasha. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa salfeti. Akakuchukua wewe kwa sababu ulikuwa mdogo, na mimi nilikuwa nimeshaweza kuchota maji. Sawa. Nimesoma hapa hapa, nimefundisha hapa hapa. Ninamwogesha, ninamsafisha, ninamlisha uji kwa kijiko, na shukrani zote zinakwenda Miyuji. Kila jioni ananibariki kwa jina lako. Wewe unauliza nani aliniruhusu. Nani alinilazimisha, ndivyo ungeuliza.

Hicho ulichosikia tunacheka kwenye kimya, ni kwamba alinitemea ganda puani. Basi umejua.

Sasa jambo la haraka. Mbegu zote zimeota zikanyauka. Tangu ile mvua ya siku mbili hakuna tone. Watu wameanza kurudia kupanda wakingoja mvua ya mwisho wa mwezi. Bibi alikuwa ameficha nusu debe la karanga darini, siku zote huficha. Jana amelishusha. Nikamuuliza, kwa kumtega, kama hizi ni mbegu zile zile za msimu. Akanijibu, "Zile zimekufa. Hizi ni nyingine. Ungo mwingine." Nikamuuliza, na kisima? Akasema, "Cha kwanza kisima. Mwite na yule mwenzako, asiwe analala."

Sijui ni nani aliyemtaja. Nafikiri ni mmoja wetu.

Ulisema likizo yako ni Januari. Njoo. Najua kama msichana alitoka, na sitakuandikia. Ila uje ukijua hili: ataniita mimi Edina mbele yako, na wewe atakuuliza u nani. Usilie. Usimsahihishe. Mwambie wewe ni Cecilia. Atafurahi, maana anamtafuta.

Dada yako,
Cecilia


Miyuji
22 Januari 2006

Dada Cecilia,

Shikamoo.

Nimesikiliza mwanzo wote. 

Dirisha langu linaangalia ukuta wa jirani na tangi la maji. Usimwambie. Mwache na mlima.

Huku wanasema mgao wa umeme unakuja, mabwawa yamekauka. Mjomba amenunua taa mbili za chemli na anajiona ameiwahi serikali. Sijamwambia kitu kuhusu Bibi. Nimempa barua hii dereva leo Jumapili; mimi napanda basi la Ijumaa. Ukiwahi kuisoma kabla sijafika, fanya hivi.

Fungua lile faili. Mstari ule uliousoma kwa kidole, unaouliza uko tayari kupoteza kazi ya sekunde ngapi: futa namba yangu uandike sifuri. Halafu ondoa laptop-mode yenyewe. Diski izunguke, ivume, iandike kila neno linapotoka. Powernowd iache, haina madhara. Chaji itaisha mapema, najua, nakuja na betri ya gari ya Mjomba na kifaa cha kuiunganisha, na dereva ameshanitukana kwa uzito wake. Bonyeza kabla Bibi hajafungua mdomo. Usikate kitu.

Sitakudanganya, Cecilia. Niliposoma kwamba anakubariki kwa jina langu nilitakiwa kukuhurumia. Nilichofikiria kwanza ni kwamba baraka zote hizo ziliingia masikioni mwako na si mwangu. Na nikiwa njiani, nitakuwa najifunza kusema "Mimi ni Cecilia", na najua nitakuwa nakuonea wivu hata kwa hilo, kwamba wewe ndiye unayetafutwa.

Keti kushoto kwake kama kawaida, kwenye ukuta uliochubuka. Mimi nitakaa upande wa pili, mahali pako pa zamani. Na msichana akishika kamba nifinye. Nifinye kwa nguvu, kama ulivyopaswa kunifinya tangu mwanzo, nisilale.

Edina